Pete ya mama ilikatika, sasa naogopa kuchagua yangu

BARUA

Shikamoo Mama,

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, wala sikutegemea kwamba siku moja ningekuandikia, tena kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo. Naomba unisome hadi mwisho.

Ninaolewa baada ya miezi minne. Mambo mengine yote yanakwenda vizuri isipokuwa pete. Tumeshaingia kwa masonara watatu, na kila tukitoka tunatoka tumenuniana.

Ili unielewe inabidi nianze na mama yangu. Mama aliivaa pete yake ya ndoa miaka 31. Ilikuwa dhahabu ya karati 22, nyembamba, haina kito. Hakuwa na tabia ya kuivua, awe anapika, anafua au analala. Mara moja tu ilitoka kidoleni, vidole vilipomvimba akiwa na mimba ya mdogo wangu, ikabidi ikatwe na kupanuliwa. Miaka sita iliyopita alikuwa anafua, akahisi kitu kinamchoma. Kutazama, pete imekatika upande wa kiganja, palepale palipokuwa pameungwa. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Sijawahi kumwona mama akilia namna ile. Hakusema neno, aliifunga pete kwenye leso akaiweka kabatini, na tangu siku hiyo hajavaa nyingine.

Mimi nikajiapia kwamba yangu haitakatika. Nikaanza kusoma na kuuliza, na kila niliyemuuliza ana lake. Sonara wa kwanza alinishauri dhahabu nyeupe ya karati 18, akasema inadumu kuliko ya njano. Wa pili akasema ukitaka cha kudumu ni platinamu, mengine ni maneno. Wa tatu akatutajia paladiamu, ambayo sikuwahi hata kuisikia. Rafiki yangu anavaa karati 14 na anaisifu kuwa ni ngumu kuliko 18, nami sielewi inakuwaje dhahabu kidogo iishinde dhahabu nyingi.

Mimi ni muuguzi. Nanawa mikono kutwa, natumia spiriti, na siku za usafi wa wodi tunashika maji ya klorini. Ngozi yangu nayo ina matatizo: hereni za bei rahisi zikinikaa siku mbili, masikio yanawasha na kutoa majimaji. Mchumba wangu ni fundi wa mitambo, mikono yake iko kwenye chuma na grisi tangu asubuhi. Yeye anataka tangsteni. Anasema haikwaruziki, haipindi, basi yaishe. Tena ametamka waziwazi kwamba kazini hataivaa. Kuna mwenzake aliwahi kupoteza kidole, sijui vizuri ilikuwaje. Nilipomwambia kwamba pete ya ndoa huvaliwa, haiwekwi kwenye droo, alikasirika.

Wiki iliyopita mama alinipa ile leso. Akasema, "Iyeyusheni, mtengeneze zenu." Sonara ameipima, ni gramu 3. Nililia kwa furaha. Lakini usiku ule usingizi ukaniruka. Kama dhahabu ile ilishashindwa mara moja, nikiiweka kwenye pete yangu si nitakuwa nimeutia udhaifu uleule ndani? Nilipomweleza mchumba wangu, akasema neno ambalo bado linaniuma: "Wewe unanunua pete au unanunua bima?"

Sikumjibu, na tangu hapo hatujazungumzia pete tena. Mama, niambie aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayodumu kweli, ambayo sisi wawili tunaweza kuivaa mpaka uzeeni. Niambie pia kama niichanganye dhahabu ya mama au niiache. Na nitazungumzaje na mwenzangu bila kuonekana mtu wa mikosi?

Mwenye Leso

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Sijaliona dogo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu kuna mambo umeyaandika kwa kupita tu ambayo mimi nayaona ni mazito. Umeniuliza aloi. Lakini ndani ya leso hiyo naona vitu vitatu vimefungwa pamoja: pete iliyokatika, mikono ya watu wawili wenye kazi tofauti, na neno la mchumba wako ambalo halijapata jibu.

Nianze na pete ya mama, maana hofu yako imetokea hapo. Unasema dhahabu ile "ilishashindwa". Hebu tuitazame vizuri. Dhahabu tupu, yaani ya karati 24, ni laini sana. Kwenye kipimo cha ugumu cha Vickers hupata kama 25 tu. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, karibu 917 kwa kila 1000, kwa hiyo metali nyingine zilizomo ni chache mno kuweza kuikaza sana. Pete ya namna hiyo mwisho wake huwa ni kulika. Upande wa kiganja ndio unaoshika ndoo, ufagio, sufuria na mkono wa mtoto, na kila siku unaacha chembe ambayo jicho haliioni. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mwendo huohuo kibaba hupungua. Mama yako aliiacha ipungue miaka 31, na tangu mwanzo ilikuwa nyembamba.

Halafu kuna lile ulilolitaja kwa sentensi moja: ilikatwa na kuungwa. Lehemu ya dhahabu hutengenezwa iyeyuke kabla pete yenyewe haijayeyuka, vinginevyo sonara angeiharibu pete akiiunga. Kwa hiyo mchanganyiko wake huwa tofauti na wa pete, wala si kwa rangi tu, na kiungo kisipojaa vizuri, au metali iliyokizunguka ikishakuwa nyembamba, ndipo pete inapoachia. Ndivyo ulivyoandika wewe mwenyewe: ilikatika palepale palipoungwa. Mimi hapo naona kiungo kilichochoka kwenye pete iliyokwisha kulika. Dhahabu yenyewe sioni kosa lake. Zile gramu 3 hazijaoza wala kuota kutu, na zikiyeyushwa, ule ufa nao unatoweka.

Nakuomba ujiulize jambo moja, polepole, bila kunijibu mimi. Mama alilia kwa sababu pete ilikatika, au kwa sababu ilikatika mwaka mmoja baada ya baba yako kuondoka? Wewe unamjua, mimi simjui. Ila kama ni hilo la pili, hakuna aloi ninayoifahamu inayoweza kulizuia, na itakuwa vigumu kwa sonara yeyote kukuridhisha.

Sasa hao masonara watatu. Sidhani kama kuna aliyekudanganya. Kila mmoja alijibu swali lake. Pete inaweza kudumu kwa kutokwaruzika, au kwa kutopinda, au kwa kutopungua uzito, au kwa kutoliwa na kemikali, au kwa kukubali kutengenezwa ikiharibika. Hakuna metali inayoshika nafasi ya kwanza katika yote hayo, na mara nyingi inayoongoza katika moja huwa ya mwisho katika jingine.

Mikwaruzo isikusumbue sana, kwa sababu hiyo huna namna ya kuikwepa. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga wa kwatzi, zenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Dhahabu iko kati ya 2.5 na 3, platinamu kati ya 4 na 4.5. Pete yoyote ya metali ya thamani itakwaruzwa ndani ya wiki ya kwanza, na ule mkwaruzo wa kwanza utakuuma. Baada ya muda mikwaruzo midogo hukutana, pete ikapata mng'ao mtulivu ambao watu wengi huja kuupenda kuliko ule wa dukani.

Rafiki yako naye hajakosea kuhusu karati 14. Shaba inayowekwa kwenye dhahabu si uchafu. Chembe zake ni ndogo kuliko za dhahabu, na zikiingia katikati huzuia matabaka ya dhahabu kuteleziana, kwa hiyo aloi inakaza. Karati 18, ambayo ni 750 kwa 1000, ikichanganywa na fedha na shaba hupita 120 kwenye kile kipimo cha Vickers, zaidi ya mara 4 ya dhahabu tupu. Karati 14, yaani 585, mara nyingi huwa ngumu zaidi kidogo. Lakini kadiri dhahabu inavyopungua, ndivyo shaba na fedha zinavyobaki bila kinga mbele ya kemikali. Kwa mtu mwingine ningelipita hili haraka. Wewe unashika klorini. Klorini huweza kuipasua aloi ya dhahabu taratibu, hasa mahali palipokazwa au kukunjwa, na zinazoathirika zaidi ni zenye karati chache na zile nyeupe zenye nikeli. Spiriti haina ugomvi na dhahabu, kunawa kwako pia hakuna. Klorini ndiyo ya kuivulia pete, uwe umechagua aloi gani.

Hapo tumeshafika kwenye dhahabu nyeupe. Mgodini haipo. Ni dhahabu ya kawaida iliyopaushwa kwa kuchanganywa na metali nyeupe, na kwa kawaida metali hiyo huwa ama nikeli ama paladiamu. Ya nikeli ni ngumu na imara, na pengine ndiyo aliyokuwa nayo akilini sonara wako wa kwanza. Lakini masikio yako yanayowasha, hereni zinazotoa majimaji baada ya siku mbili, hizo ni dalili zinazofanana sana na mzio wa nikeli. Daktari wa ngozi anaweza kukupima kwa kukubandika vibandiko mgongoni, na ningependa ufanye hivyo kabla hujalipa hata malipo ya awali. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoweza kutoka kwenye kitu kinachokaa mwilini muda mrefu: mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Pete inayokaa kidoleni usiku na mchana, chini ya glavu, kwenye ngozi yenye unyevu, si kitu cha kujaribia bahati.

Jua pia kwamba weupe ule mkali unaouona dukani mara nyingi ni utandu mwembamba wa rodiamu, metali nyingine nyeupe, uliopakwa juu. Kwa mtu anayenawa na kuvaa glavu kutwa utaanza kuchakaa upande wa kiganja, na rangi ya chini itajitokeza, umanjano au ukijivu kidogo. Unapakwa upya, unaendelea. Si kasoro, ila ni jambo la kurudiwarudiwa, na ni haki yako kuambiwa kabla ya kununua. Kwa hiyo ukirudi kwa sonara yule, muulize jambo moja tu: imepaushwa kwa metali gani? Asipokuwa na jibu, hilo nalo ni jibu.

Platinamu ina sifa moja ambayo naona ingekugusa. Ikikwaruzwa, sehemu kubwa ya metali husukumwa pembeni badala ya kung'oka, kwa hiyo pete hupungua polepole mno. Ukikumbuka kilichoimaliza pete ya mama, utaelewa kwa nini sonara wa pili aliisemea kwa nguvu. Lakini usiingie ukidhani utabaki na kioo kidoleni. Uso wake hufifia upesi kuliko wa dhahabu nyingi, na wanaosikitika ni wale waliochanganya kudumu na kung'aa. Ni nzito: sentimita moja ya ujazo wa platinamu ni kama gramu 21, ya dhahabu ya karati 18 ni kama 15. Wapo wanaoupenda uzito huo, na wapo wanaochoka nao. Halafu neno "platinamu" peke yake halitoshi. Mhuri wa 950 unakuambia kwamba sehemu 50 kwa 1000 ni kitu kingine, na kitu hicho kina maana kubwa. Iliyochanganywa na metali iitwayo rutheniamu kwa kiwango hicho ni ngumu kwa wazi kuliko iliyochanganywa na nyingine iitwayo iridiamu kwa kiwango hichohicho. Jambo la mwisho, platinamu huyeyuka kwenye nyuzi 1768 za Selsiasi, dhahabu kwenye 1064. Si kila sonara ana vifaa wala mazoea ya kuishughulikia. Kabla hujamtafuta wa kukuuzia, mtafute atakayeweza kuirekebisha.

Paladiamu ni ndugu yake mwepesi, gramu 12 tu kwa sentimita ya ujazo, nyeupe yenyewe bila rodiamu na bila nikeli. Tatizo lake liko kwa fundi: ikiyeyuka hunywa gesi, na asiyeizoea anaweza kukuachia pete yenye vinyweleo ndani. Fedha ya 925 sitakaa nayo; ni nzuri, lakini ni laini na huota weusi, na kwa kazi zenu mtakuwa mnaihudumia kila mara.

Kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja kabisa, nami naliweka mbele ya aloi zote hizi. Unene. Ukiongeza unene wa pete mara 2 kwa aloi ileile na upana uleule, ukaidi wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara 8. Watu hubishana juu ya karati 14 na 18 wiki nzima, kisha wananunua pete ya milimita 1 kwa sababu inaonekana maridadi. Ningekuwa mimi, ningeanzia kama milimita 1.6 au 1.8 na kuhakikisha upande wa kiganja haujapunguzwa ili kuokoa dhahabu. Muulize sonara pia kama pete imesubiwa kwenye kalibu au imefuliwa. Metali iliyofuliwa kwa nyundo au kuvutwa hushikamana na kukaza; ya kalibu inaweza kuwa nzuri sana, ila kazi ikiwa mbovu hubaki na vijitundu usivyoviona. Na kama utaivaa pamoja na pete nyingine kidole kimoja, zikaribiane kwa ugumu, la sivyo moja itaila mwenzake.

Sasa mchumba wako. Hapa nitakuomba unisikilize kama mama.

Umeandika, "Kuna mwenzake aliwahi kupoteza kidole, sijui vizuri ilikuwaje." Mstari mmoja, kisha ukaendelea na droo. Mwanangu, wewe ni muuguzi. Unajua pete ikinaswa na boliti au na mtambo unaozunguka, mwili ukaenda upande mmoja na pete ikabaki upande mwingine, kidole kinakuwaje. Unajua pia kwamba pete ikigusa nguzo za betri na chuma kwa pamoja huweza kuwaka moto kidoleni. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa huyo mwenzake. Lakini inawezekana mchumba wako aliiona ajali ile kwa macho yake, na anaposema kazini hataivaa, anazungumzia damu aliyoiona, wakati wewe unasikia kwamba anaona aibu kuvaa pete yako. Muulize. Wala usimshauri aitundike shingoni kwa mkufu awapo kazini. Mkufu nao hunaswa. Wapo mafundi wanaovaa pete ya silikoni inayokatika ikivutwa, wapo wasiovaa chochote mpaka wamalize kazi.

Tangsteni anayoitaka haina ubaya, ila ielewe ilivyo. Pete nyingi za jina hilo ni kabaidi, unga wa tangsteni na kaboni ulioshikizwa kwa metali nyingine, mara nyingi kobalti au nikeli. Ni kweli karibu hakuna kitu cha kila siku kitakachoikwaruza. Lakini ugumu wa namna hiyo huja na wepesi wa kupasuka. Ikipigwa vibaya kwenye sakafu au kwenye chuma hugawanyika vipande. Kidole kikivimba, kile kisumeno cha kawaida cha kukatia pete hakiiwezi, hubanwa kwa koleo maalumu mpaka ipasuke. Tena haipanuliki wala haipunguziki. Fikiri: kama pete ya mama ingekuwa kabaidi, wakati wa mimba ya mdogo wako isingekatwa na kuungwa. Ingepasuliwa, na hadithi yake ingeishia hapo. Aliivaa miaka 31 kwa sababu ilikubali kutengenezwa.

Hata hivyo, hayo ni ya kumweleza, si ya kumshinda nayo. Kama pete yake itakuwa ya jioni na siku za mapumziko tu, basi hata dhahabu laini kiasi itamfaa, na kama moyo wake uko kwenye tangsteni, hakuna sheria ya metali inayotaka zenu zifanane. Zitakaa kwenye mikono miwili tofauti, hazitasuguana. Kinachoweza kukuumiza ni kingine: kuona hamkufanana siku ambayo ulitaka mfanane. Hilo ni lako kulipima, na ni halali kulisema.

Tuifungue leso. Una gramu 3 za karati 22, yaani kama gramu 2.75 za dhahabu tupu. Zikiongezewa fedha na shaba mpaka zifike 750, zitatoa kama gramu 3.67 za karati 18. Hiyo inakaribia pete moja ya kike isiyo nene, na sehemu itapotea kwenye kukata na kusawazisha. Pete mbili haziwezi kutoka humo bila kuongeza dhahabu mpya. Mnaweza kuigawa, kila pete ikapata kidogo cha mama. Mnaweza kuiweka yote kwenye yako. Kwa vyovyote vile, usikubali iyeyushwe hivihivi pamoja na kile kiungo cha lehemu. Kiasi kidogo sana cha uchafu fulani, hasa metali ya risasi, huifanya dhahabu iwe ya kuvunjika. Muombe sonara aikate sehemu ya kiungo au, bora zaidi, aisafishe dhahabu yote kwanza, kisha aichanganye upya. Huo "udhaifu" uliouogopa unaishia kwenye usafishaji huo.

Lakini kuna njia nyingine ambayo sijui kama mliifikiria. Sonara mzuri anaweza kuiondoa nusu ya chini iliyolika na kuweka mpya nene, nusu ya juu ikabaki ileile ambayo baba yako aliivisha. Pete ikawa nzima tena, iwe kwenye kidole chako au, ni nani ajuaye, kwenye cha mama mwenyewe. Hasara yake ni viungo viwili badala ya kimoja, na karati 22 itabaki laini kwa kazi yako. Faida yake ni kwamba ukibadili mawazo baada ya mwaka, bado ipo. Ukiyeyusha hakuna kurudi.

Ndiyo maana nakushauri uzungumze tena na mama, mkiwa wawili tu, pasipokuwa na sonara wala mizani. Amesema iyeyusheni. Huenda anamaanisha, na kuiona dhahabu yake ikianza upya kwako ndiyo faraja anayoitaka. Huenda pia ni mzazi anayetoa alichonacho kwa sababu binti yake anaolewa. Muulize angependa kuiona pete ile tena, au angependa asiione.

Na lile neno la bima. Liliuma, nami sitakuambia halikupaswa kuuma. Lakini nimeitafuta kwenye barua yako sehemu inayosema mchumba wako anajua mama alivyolia siku ile, sikuiona. Anajua ilikatika, bila shaka. Je, anajua kuhusu leso, kabati, miaka sita bila pete? Kama hajui, basi anachokiona ni mwanamke anayehama duka moja hadi jingine akitafuta metali isiyoharibika miezi minne kabla ya harusi, na huenda moyoni anajiuliza wewe unaogopa nini kwake. Mtu wa mikosi hayumo humo. Yumo binti aliyemwona mama yake akilia. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Ulinieleza vizuri sana. Usianze na karati.

Ukishazungumza nao wote wawili, niandikie tena kama utapenda. Nitataka kujua mama alisema nini kuhusu pete, na kama yule mwenzake wa mchumba wako alikuwa ameivaa yake siku ile.